Rangi za Kioo cha Nani?

Katikati ya miaka ya 1990, mtu wa Dar es Salaam akisema "kompyuta", wengi wetu tuliona kijani: maandishi ya kijani juu ya weusi, na kishale cha kijani kikipepesa chini ya alama ya C. Mashine za rangi zilikuwepo mjini, kwenye balozi na ofisi za mashirika makubwa. Sisi wanafunzi wa kozi za jioni tulipata zilizokwisha kutumika kwa wenzetu: kadi ya Hercules ndani, monita ya rangi moja juu, WordPerfect na Lotus kwenye disketi. Hatukuona ajabu. Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, na hata zuio lilipolegea mashine ziliingia chache na kwa bei ya kutisha. Televisheni yenyewe ilianza Bara mwaka 1994. Wazanzibari, waliokuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, walitucheka, na walikuwa na haki.

Mwalimu akishaondoka, gemu zilitoka mifukoni. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa Alley Cat, ya paka anayerukia mapipa ya taka na kuingia madirishani mwa watu. Iliandikwa kwa ajili ya CGA, kadi ya rangi ambayo IBM iliitoa pamoja na PC yake ya kwanza mwaka 1981, na kwenye Hercules haikukubali. Dawa ilikuwa programu ndogo iitwayo SIMCGA. Unaiwasha kwanza, inajibanza kwenye kumbukumbu ya mashine, kisha unawasha gemu, nayo gemu inaamini imepata kadi iliyoitaka.

Jinsi ilivyofanya kazi nilikuja kuelewa baadaye sana. CGA huhifadhi kila nukta ya picha kwa biti mbili, kwa hiyo nukta moja inaweza kuwa na rangi yoyote kati ya nne. Hercules inajua biti moja tu: nukta imewaka au imezima. SIMCGA ilipanga upya kadi ili isome biti zilezile moja moja, hivyo nukta moja ya rangi ikawa nukta mbili nyembamba za kijani. Nyeusi ilibaki nyeusi. Nyeupe iliwasha zote mbili. Rangi mbili zilizobaki ziliwasha nusu, moja upande wa kushoto na nyingine upande wa kulia, na jicho la binadamu halikuweza kuzitenganisha. Tulicheza gemu ya rangi nne kwa vivuli vitatu vya kijani, na kila mmoja wetu alikuwa na yake kichwani kuhusu rangi halisi ya yule paka.

Kazi yangu ya kwanza ilinipeleka kwenye ofisi yenye monita ya rangi. Disketi ya Alley Cat niliibeba siku za mwanzo kabisa, nikasubiri wakubwa waondoke. Kwa miaka nilikuwa nimejichorea bustani kichwani. Kilichotokea kiooni ni samawati kali, pinki kali, nyeupe na nyeusi, basi. CGA katika picha za nukta 320 kwa 200 ilitoa rangi nne kwa wakati mmoja, na tatu kati ya hizo hukuzichagua utakavyo. Zilikuja kwa seti. Seti ya pili ilikuwa na kijani, nyekundu na kahawia, na pale ofisini hata kahawia haikuwa kahawia. Udongo kwenye gemu zilizoitumia seti hiyo ulikuwa na rangi ya bizari.

Hilo la kahawia lilinikaa. Fundi mmoja mtu mzima, tuliyemwita babu ingawa hakuwa na wajukuu, ndiye aliyenifungulia macho. Kadi hutuma nyaya nne kwenda kwenye monita: nyekundu, kijani, bluu, na waya wa kuongeza mwanga. Rangi namba 6 ni nyekundu pamoja na kijani bila mwanga wa ziada, na kwa hesabu hiyo hupati kahawia, unapata njano iliyochafuka. IBM walipotoa monita yao ya 5153 waliweka ndani yake sakiti ya kupunguza kijani kwa rangi hiyo moja tu, ili ile njano igeuke kahawia. Monita yetu haikutoka IBM, na aliyeiunda hakujisumbua na sakiti hiyo. "Kadi inatoa namba, mwanangu," aliniambia babu. "Rangi anaijua monita."

Kisha zikaja kadi za VGA, rangi 256 kwa mara moja kutoka kwenye hazina ya zaidi ya laki mbili na nusu. Gemu ya Prince of Persia ilionekana na kuta za gereza za bluu iliyopoa, na samawati na pinki za CGA zikawa kichekesho. Monita za kijani ziliwekwa stoo, kisha zikatoweka kama vitu vyote vya stoo vinavyotoweka. Sikuzikumbuka kwa muda mrefu.

Aliyenirudisha ni mpwa wangu. Vijana wa siku hizi wana hamu na mashine ambazo hawakuzigusa, na yeye alikuwa ameweka DOSBox kwenye laptopu yake, emuleta inayoigiza PC za enzi za DOS. Alikuwa akihangaika na King's Quest, gemu ya Sierra ya mwaka 1984. "Shikamoo mjomba. Hii gemu ya zamani zenu ina ugonjwa, inatoa mistari tu." Kweli, kiooni kulikuwa na mistari myembamba ya kusimama, nyeupe na nyeusi, na mtu mdogo akitembea ndani yake kama aliyefungiwa nyuma ya nondo. Alikwisha kugusa mwangaza wa laptopu, akabadili njia ya kuchora picha kwenye faili la mipangilio, akapakua upya programu ya kadi ya picha. Mistari haikuondoka.

Nilimwuliza alichagua nini mwanzoni, kwa sababu gemu hiyo kwenye PC ilikuwa na njia mbili: ya monita ya RGB, kama ile ya ofisini, na ya televisheni. Alichagua televisheni, maana maelezo aliyoyasoma yalisema huko ndiko kuna rangi 16. Kwenye faili la mipangilio mstari wa mashine ulisomeka svga_s3, yaani DOSBox ilikuwa ikiigiza kadi ya miaka ya 1990, na kadi hiyo ilikuwa ikionyesha kwa uaminifu kabisa kile gemu ilichotuma. Gemu ilituma mistari. Tuliandika cga mahali pa svga_s3, tukawasha tena. Majani yakawa kijani, maji yakawa bluu, kuta za kasri zikapata rangi. Nikabonyeza F12 mpaka uigizaji wa televisheni ukazimika: mistari ikarudi. Nikabonyeza tena: rangi.

Siri iko kwenye hesabu. Televisheni ya Marekani, kwa mfumo wa NTSC, ilitambua rangi kwa mawimbi ya takriban megahezi 3.58. Saa ya CGA hupiga megahezi 14.318, mara nne kamili ya hiyo. Kwa hiyo katika picha ya nukta 640 kwa upana, kila wimbi moja la rangi hubeba nukta nne, na nukta nne za kuwaka au kuzima zina mipangilio 16. Televisheni ilishindwa kutofautisha mistari myembamba na ishara ya rangi, ikaichukua mistari kuwa rangi. Waandishi wa gemu waliijua tabia hiyo wakaigeuza kuwa brashi.

Hapo ndipo nilipokaa kimya kidogo, nikifanya hesabu nyingine. Televisheni za kwetu zilikuwa za PAL: wimbi la rangi lilikuwa kama megahezi 4.43, tena liligeuzwa kila mstari. Mara nne kamili haipatikani. Hata Mzanzibari na televisheni yake ya rangi, angeunganisha CGA ya Marekani asingeyaona majani yale. Rangi zilizokuwa mbele yetu, ambazo kila mwongozo unaziita sahihi, zilikuwa rangi za sebule za Marekani. Darasa letu zima la jioni lisingeweza kuziona hata kama mtu angetuletea mashine mpya kabisa.

Mpwa wangu alikwishagundua kitufe cha F11, kinachosogeza rangi zote kwa pamoja: mbingu ikaelekea zambarau, majani yakaelekea njano. "Sasa ipi ndiyo yenyewe, mjomba?" Jibu ni kwamba hata Marekani haikuwepo moja. Televisheni zao zilikuwa na kirungu cha kurekebisha rangi na kila nyumba ilikizungusha ilivyopenda. Kadi zenyewe za CGA zilitengenezwa kwa matoleo tofauti, na zile za awali hazikutoa rangi sawa na zilizofuata. Mwaka 2015 kundi la watunzi lilionyesha kwenye tamasha la Revision, huko Saarbrücken, Ujerumani, onyesho liitwalo 8088 MPH lililotoa rangi 1,024 kwenye CGA kwa kuikamua tabia hiyohiyo ya televisheni. Emuleta za wakati huo zilishindwa kulionyesha sawasawa, na waandishi wa emuleta hizo walilazimika kurudi kwenye vyuma halisi na kupima upya.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuulizwa na vijana wa mtaani kila emuleta inapotoa rangi za ajabu, na nimeacha kabisa kuanza na swali la mwangaza. Nauliza kwanza gemu ilitungwa itazamwe kwenye kioo gani: televisheni, monita ya RGB, au ya rangi moja. Ukilijua hilo, mstari wa mashine unajiandika wenyewe. Swali la pili ni gumu zaidi: unataka kuiona kama nani? Kwa hilo nina mafaili tofauti ya mipangilio. Lipo la cga lenye televisheni ya Marekani. Lipo la Hercules, ambalo F11 humzungusha Prince of Persia kutoka rangi ya chungwa kwenda kijani na nyeupe. Kijani hicho ni kisafi mno. Vioo vingi vya kijani vya zamani vilichelewa kuzima, na kila kilichokimbia kiliburuta kivuli nyuma yake. Mpwa wangu anasema afadhali, macho yake yamepona.

La tatu ni la ofisini. DOSBox Staging, tawi jipya la emuleta hiyo, lina mstari uitwao cga_colors, na pale unaweza kuita monita ya 5153 kwa jina, au kuandika rangi zako 16 mwenyewe. Majina kama hilo yameingia kwenye orodha kwa sababu watu wamezitunza mashine hizo, wakazipima, wakaziandikia. Monita za mitumba za Dar hazimo, na hazitaingia mpaka tuliozitazama tuseme zilionyesha nini. Nimeanza na moja: namba 6 ilikuwa njano chafu, aaaa00.