Rimini, mji wa pikipiki iliyomlaza chali tajiri wake

UKITAJA Rimini, mji wa pwani ya mashariki ya Italia, wengi watakusimulia habari za ufukwe na disko. Ni kweli, miavuli imepangwa mistari kwa mistari mpaka mchanga hauonekani. Lakini sisi wenye ugonjwa wa pikipiki hatuendi kule kuogelea. Tunafuata jina moja tu: Bimota.

Mwaka 1972, Massimo Tamburini wa mji huo alianguka na Honda kwenye uwanja wa mashindano wa Misano, jirani tu na hapo, akavunjika mbavu. Alipopona akajiundia fremu yake mwenyewe. Mwaka 1973 yeye na wenzake, Bianchi na Morri, wakaingia rasmi kwenye pikipiki. Bi, Mo, Ta, jina hilo! Kabla ya hapo dili lao lilikuwa mitambo ya joto na hewa ya majumbani. Kwa miaka mingi waliunda fremu bomba, injini wakichukua kwa wengine, wakiwemo Wajapani na Ducati.

Mwaka 1997 wakaamua kujitegemea. Wakatoa V Due, cc 500, silinda mbili, injini ya kwao wenyewe, tena ya tu-stroku.

Kwa asiyejua, tu-stroku huwaka kila mzunguko mmoja. Foo-stroku husubiri mizunguko miwili. Ndiyo maana tu-stroku ni nyepesi lakini inavuta kichizi. Wavuvi wetu wanaijua vizuri kwenye mashine za boti, zile za kuchanganya petroli na oili. Ubaya wake, petroli nyingine hutorokea kwenye ekzosi kabla haijaungua. Bimota wakaahidi dawa: injekta zitapuliza petroli ndani ya silinda yenyewe, kompyuta ikipima. Nguvu ileile, moshi kidogo.

Niliiona moja kwa mkusanyaji wa mjini humo, imefunikwa shuka kama bibi harusi. Nyembamba, nyepesi, mtu unatamani kuirukia pale pale. Nikamwomba aiwashe. Akacheka, akairudishia shuka lake.

Nilimwelewa. Barabarani V Due ilikuwa kisirani: mara inakohoa, mara inafyatuka ghafla na dereva wake. Wateja wakazirudisha. Kiwanda kikang'oa injekta, kikafunga kabureta, lakini maji yalikwisha zidi unga. Hasara ile ikachangia kuiangusha kampuni, na mwaka 2000 Bimota ikafunga milango.

Sasa sikia maajabu. Pikipiki zile zile zilizorudishwa kwa hasira, leo wakusanyaji wanazisaka kwa udi na uvumba, maana zilitengenezwa mamia machache tu. Na ahadi yenyewe haikuwa ya uongo, ila iliuzwa mbichi. Mwaka 2017 KTM ya Austria ilitangaza tu-stroku zake za injekta za njia za vumbi, na hizo zikaenda bila matatizo ya namna ile. Bimota nayo ilifufuka; mwaka 2019 Kawasaki ilinunua karibu nusu ya hisa zake.

Kwa hiyo mshikaji, ukibahatika kufika Rimini, uache mwavuli kidogo. Ulizia wenye pikipiki za zamani, kisha nenda Misano siku ya mashindano, usikie injini zinavyolia. Ufukwe hauna haraka, utaukuta pale pale.