Paa la Fountains

Katika bonde la mto Skell, karibu na mji wa Ripon kaskazini mwa Uingereza, yapo magofu ya abasia iitwayo Fountains, makao ya watawa wa Kikristo waliojitenga na dunia. Iliasisiwa mwaka 1132 na watawa 13 waliotoka York, ambako maisha ya wenzao waliyaona yamejaa raha kupita kiasi. Dhiki waliyoitafuta waliipata, lakini haikudumu. Kondoo wao waliongezeka, sufu ikauzwa hadi ng'ambo ya bahari, na watu walioikimbia dunia wakawa miongoni mwa matajiri wake.

Huko ndiko alikofika, likizo ya kiangazi, mwalimu mmoja mstaafu wa Unguja aliyekwenda kumtazama mdogo wake aishiye Leeds. Baina yao palikuwa na jambo ambalo siku nne nzima hawakuligusa: nyumba ya marehemu bibi yao, Mji Mkongwe, ambayo paa lake linavuja na ambayo mdogo mtu angependa iuzwe.

Wageni wengi huukimbilia mnara, wenye urefu wa mita 50 hivi, uliojengwa na abati Huby miaka michache tu kabla ya mwisho wa yote. Mwalimu aliutupia jicho, akapita. Kilichomzuia ni ghala: ukumbi wa mita 90 na ushei, wenye safu ya nguzo zinazochanua juu kuwa matao, mfano wa makuti ya mnazi. Humo iliwekwa sufu, na humo walikula mabruda, watu ambao aghalabu hawakujua kusoma wala hawakuimba pamoja na watawa, bali walilima, wakachunga na kupasua mawe. Walilala ghorofa ya juu yake. Kanisa la waimbaji sasa li wazi kwa mbingu; matao ya wachungaji yamesimama kamili, na popo wamehamia. Ni haki yenye kuchekesha kidogo.

Kanisa hilo halikuvunjwa na vita wala uzee. Mwaka 1539 Mfalme Henry wa 8 aliifunga abasia, na mwaka uliofuata ikauzwa kwa Richard Gresham, mfanyabiashara wa London. Kilichotamaniwa mwanzo ni risasi, yale madini mazito yaliyoezekwa juu ya paa. Iliteremshwa, ikayeyushwa, ikauzwa. Kazi iliyobaki ikaachiwa mvua. Baadaye Stephen Proctor alichukua mawe ya hapo kujengea jumba lake, na mwaka 1767 William Aislabie aliyanunua magofu yenyewe ili bustani ya baba yake ipate mandhari ya kukamilisha matembezi. Uzuri unaopigwa picha leo, basi, ni uzuri wa nyumba iliyoporwa.

Tangu 1986 mahali hapo pamo katika orodha ya Urithi wa Dunia, kama ulivyo Mji Mkongwe tangu mwaka 2000. Orodha haiezeki nyumba. Ukuta wa matumbawe na chokaa huvumilia mengi, ila hauvumilii maji yatokayo juu: chokaa hulainika, ncha za boriti huoza ndani ya ukuta pasipo mtu kuziona, na siku moja dari hushuka. Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib iliporomoka, watu wawili wakafa.

"Walianza na paa," alisema mwalimu, amesimama katikati ya kanisa, majani yakimfika kifundoni.

"Naam, dada. Risasi ilikuwa na bei."

"Na ile nyumba nayo unaitakia bei."

Mdogo wake alinyamaza kidogo. "Warithi ni tisa, dada. Kila mtu yuko kwake. Nani atakayelipa fundi?"

Hakujibiwa. Walitoka kwa njia ya mtoni, polepole, kwa sababu ya magoti ya mwalimu. Penye benchi aliketi, akavaa miwani, akaandika nyuma ya tiketi majina tisa, moja chini ya jingine. Kisha akampa mdogo wake kalamu, aandike kiasi chake mbele ya la kwanza.