Kunga za Upande wa Ndani

Januari shule zinapofunguliwa, pamba ya Bariadi bado ni miche shambani. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ndio unaoongoza nchini Tanzania kwa zao hilo. Lakini msimu wa kuliuza hufunguliwa mwezi Mei au karibu yake, na ada ya fundi haingoji Mei. Ndipo mama mkulima anapofika barazani penye cherehani, kitambaa cha sare kwapani, noti chache zimefundikwa kwenye pindo la kanga. Yeye alimaye pamba mara nyingi humvisha mwanawe tetroni. Haulizi habari za mitindo. Ombi lake ni moja: “Fundi, niachie nafasi, mtoto anakua.”

Fundi humwelewa. Kando ya mshono huacha kitambaa cha ziada, upana wa kidole au zaidi, ili mwakani mshono ufumuliwe na nguo ipanuliwe. Hiyo ndiyo akiba.

Lakini kitambaa kilichofumwa hakishikani kwa gundi. Nyuzi za mtande zimenyooka, za mshindio zimepita juu na chini yake, na kila uzi unashikwa na jirani zake. Mkasi ukishapita, uzi wa ukingoni hukosa jirani wa upande mmoja. Huchomoka, na wa pili ukaufuata. Tetroni, kwa utelezi wa nyuzi zake, huchambuka upesi. Kila kufuliwa, kila kusuguliwa na dawati, huila ile akiba kidogo kidogo, hata uchakavu ukafika kwenye mshono wenyewe. Wahenga walisema akiba haiozi. Bila shaka hawakuikusudia isiyokungwa.

Njia za kuikunga ni nyingi. Mashine ya ovaloki hupunguza ukingo na kuuviringishia nyuzi kadhaa kwa mkupuo mmoja. Asiyekuwa nayo hupiga zigizaga, au huukunja ukingo na kuushona peke yake, au huuzungushia uzi kwa sindano ya mkono. Mwenye cherehani ya kukanyaga tu huweza kuipeleka nguo kwa jirani mwenye ovaloki, akamlipa kutoka katika ujira wake mdogo. Hapo ndipo penye mtihani. Akiiruka hatua hiyo, nani atamjua? Sare itapigwa pasi, itakunjwa, itapokewa kwa shukurani. Deni litakuja kudaiwa miezi kadhaa baadaye, na atakayelilipa ni mama.

Mwambao na visiwani kitendo hiki hakina ugeni. Doti ya kanga hununuliwa ikiwa kipande kimoja. Hukatwa katikati zikawa kanga mbili, kisha ncha zilizopitiwa na mkasi hukungwa kabla hazijavaliwa. Pande za urefu haziguswi, kwani zimefungwa tangu kwenye mtambo wa kufumia. Na Kiswahili, kwa ukarimu wake, kimevitia vitu viwili katika sauti moja: kukunga ni kuushona ukingo usifumuke, na kunga ni siri ya kazi, au mafunzo apewayo mwari faraghani. Yote mawili hukaa upande wa ndani, na yote mawili hujulikana kwa kukosekana kwake.

Januari nyingine ikifika, mama hurudi na sketi ileile. Fundi, kabla ya kumpima mtoto, huigeuza ndani nje na kupitisha kidole gumba ukingoni. Ukiwa mzima, wembe huchukuliwa, mshono hufumuliwa, na akiba hukunjuliwa. Pembeni hujitokeza mstari wa buluu iliyokoza, kwa kuwa huko jua halikufika. Mtoto huvaa, akainama, akachuchumaa, akasimama. Sketi haimbani, wala mwaka huu hakuna kitambaa cha kununua.