Tulitaka Kumwacha Babu

Twaungama kosa letu. Ndugu yetu afanyaye kazi Italia alitualika Verona, sisi wajukuu wawili pamoja na babu.

Asubuhi tulizuru kanisa la Mtakatifu Zeno, askofu wa karne ya 4, ambaye mapokeo husema alitoka Afrika. Sanamu yake ina uso mweusi, nayo yacheka. Babu akacheka nayo kwa sauti, kisha akapiga magoti. Sisi tuliona haya mbele ya watu.

Jioni tulikuwa twende kusikiliza opera, yaani mchezo unaoimbwa. Tukanong’onezana: “Mzee abaki nyumbani. Ataelewa nini?” Babu alisikia. Hakunena neno, akatwaa kofia yake.

Tukapanda naye polepole ngazi za mawe za Arena, uwanja wa Warumi wa kale, ambamo tamasha la opera lilianza mwaka 1913. Waliimba Aida ya Verdi: binti wa mfalme wa Ethiopia, mtumwa katika Misri, ajificha kaburini ili afe pamoja na mpenzi wake aliyehukumiwa kuzikwa hai. Sisi tulisinzia. Babu, aliyeimba Kilatini miaka mingi katika kwaya ya parokia, alilia.

“Babu, umeelewa maneno?”

“Hapana, wajukuu wangu. Lakini sauti ya mtu asiyemwacha mwenziwe naijua.”

Tuliinamisha vichwa. Kweli, jungu kuu halikosi ukoko. Enyi vijana, waheshimuni wazee wenu.