Muhuri Ulikuwa Kisangani

Mwaka 1984 niliitia faili yangu ndani ya mfuko wa plastiki, nikaufunga kwa kamba na kuuficha chini ya shati. Nilikuwa nimefundisha miaka miwili karibu na Bunia, mashariki mwa Kongo, bila matrikule, yaani nambari ya mtumishi wa serikali, na mwalimu asiye na matrikule Leta, yaani serikali, haimjui, wala haimlipi. Mkubwa wa ofisi moja hapa mjini Bunia alinitazama kwa huruma, akasema: "Mwalimu, sisi hapa hatuna la kufanya. Muhuri uko Kisangani."

Kisangani ni karibu kilomita 700 kwa barabara ya msitu. Nilipanda juu ya lori la maharage, tukapita Komanda, Mambasa na Epulu. Mbele ya Niania gari likazama kwenye tope hadi mlangoni, tukalala porini siku tisa tukila maharage ya tajiri, kila mtu akiandikiwa deni lake. Nilipofika, karani alifungua mfuko wangu taratibu, akasoma karatasi ya kwanza, kisha akanirudishia. Ilikosa saini moja. Ya Bunia.

Niliporudi, baba alinisikiliza mpaka mwisho. Yeye alikuwa tarishi wa serikali miaka ile ya 1962 hadi 1966, Kibali-Ituri ilipokuwa jimbo lenye baraza na serikali yake hapa hapa Bunia. "Mwanangu, muhuri huo nimeubeba kwa mikono yangu," aliniambia. Mwaka 1966 Rais Mobutu aliyakunja majimbo 21, yakabaki manane. Sisi tukawa wilaya ya Ituri, makao makuu ya jimbo yakawa Kisangani, na karatasi zetu zikaanza kusafiri.

Ndiyo maana Juni 1999, redio iliposema kuwa Kibali-Ituri imekuwa jimbo tena, nilifurahi. Furaha ile inaniuma hadi leo. Aliyelitangaza jimbo hilo ni Jenerali James Kazini wa jeshi la Uganda lililokuwa limetukalia, naye ndiye aliyemteua Adèle Lotsove kuwa gavana. Raia hatukuulizwa. Wakati huohuo ugomvi wa mashamba kule Djugu, kati ya Wahema na Walendu, ulikuwa umeanza kuteketeza vijiji. Kiti kilicholetwa na bunduki kikagombaniwa kwa bunduki. Muhuri ulikuwa umerudi Bunia, lakini nani angethubutu kuufuata?

Aprili 4, 2003, Tume ya Kutuliza Ituri ilifunguliwa mjini kwetu, na wajumbe zaidi ya 170 kutoka pande zote. Nilikuwa miongoni mwa waliopiga taipu. Siku moja kabla, mamia ya watu walikuwa wameuawa Drodro na vijiji vya jirani, kwa hiyo wengine waliingia ukumbini wakiwa na msiba mbichi. Hata hivyo walikaa, wakajadiliana hadi tarehe 14, wakaunda baraza la muda chini ya Mama Pétronille Vaweka na utawala wa muda chini ya Emmanuel Leku. Nilipopiga taipu majina yale vidole vilinitetemeka. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona uongozi wa Ituri ukitoka vinywani mwa watu wa Ituri.

Mei 6 askari wa mwisho wa Uganda waliondoka, na mji ukawaka moto. Tulikimbilia kwenye uzio wa MONUC, walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa, maelfu yetu, tukalala chini ya maturubai. Viongozi wetu wapya nao walijihifadhi humo. Serikali ndogo tuliyoizaa wenyewe haikuwa na askari, wala faranga, wala ofisi.

Katiba ya 2006 iliahidi majimbo 26 tukihesabu Kinshasa, na kwamba kila jimbo litabaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwake. Ituri ilipata kuwa jimbo mwaka 2015. Lakini zile asilimia 40 hazijawahi kubaki kama ilivyoandikwa: fedha hupanda Kinshasa kwanza, kisha hurudi kidogo, kwa kuchelewa. Na Mei 6, 2021, tarehe ileile waliyoondoka askari wa Uganda, hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, ilianza. Gavana akawa mwanajeshi aliyeteuliwa, baraza tulilolichagua likasimamishwa. Ilikuwa iwe siku 30, ikaongezwa tena na tena.

Matrikule niliipata mwaka wa nne. Sasa mimi ni mzee, na walimu vijana huja nyumbani kuniuliza njia. Nawaonyesha ofisi ya jimbo, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Wanagongewa muhuri siku hiyohiyo, wanarudi wakicheka. Kisha wanasubiri mshahara mwaka, miaka miwili, mitatu, kwa sababu orodha ya wanaolipwa hutengenezwa Kinshasa. Ninapowaona mlangoni na faili zao ndani ya plastiki, najua bado wako juu ya lori lile.