Damu ya Maharage

Ukikata kwa kucha kinundu cha mzizi wa maharage ukakuta ndani wekundu wa damu, ujue kazi inaendelea. Kikiwa cheupe, hakuna kitu. Wekundu huo ni protini inayoshika oksijeni, ndugu wa himoglobini yetu, na humo wanaishi bakteria wa udongoni, rizobia, wanaogeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea.

Hadi hapo ni biolojia ya sekondari. Mimi nilinasa mlangoni. Asidi amino haijiingilii tu ndani ya bakteria: kuna protini inayoidaka, inaifikisha kwenye tundu, na tundu halifunguki bure, seli inalipa kwa nishati yake. Ni gharama, lakini udongoni chakula ni cha kuokoteza. Jani limeoza hapa, mdudu kafa pale. Rhizobium leguminosarum ana milango miwili inayopokea asidi amino za aina nyingi, Aap na Bra. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, waliandika katika jarida la Nature kwamba walipoiharibu yote miwili, njegere zilizokaa na bakteria hao zilishikwa na njaa ya naitrojeni. Mwaka 2009 ikaelezwa zaidi: akishahamia kwenye kinundu, bakteria huyu hutegemea mmea umpe lusini, isolusini na valini. Udongoni alikuwa anajitengenezea mwenyewe!

Nilisoma hayo Kamachumu, Muleba, wiki ambayo sisi watoto tulikuwa tunabishana kuhusu kuuza kibanja.

"Hakilipi," alisema kaka, aliyepanda kutoka Bukoba mjini na kalkuleta kwenye simu. Kwa hesabu yake hakosei. Kibanja cha Kihaya hakikuumbwa na Mungu peke yake. Ukanda wa ziwa unapata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo huosha rutuba. Toka nje ya migomba uone rweya, nyasi tupu juu ya udongo uliochoka. Weusi wa udongo wa kibanja uliletwa na watu, vizazi kwa vizazi: samadi, nyasi za kutandaza, majivu, maganda ya ndizi. Sisi ng'ombe wa mwisho aliuzwa baba alipofariki. Rweya tulipokata nyasi sasa pana mikaratusi ya watu. Halafu mnyauko wa migomba, ulioingia Kagera mwaka 2006 (huo nao ni bakteria, tusiwasifie wote), ukafyeka upande wa chini.

Mama alikaa kimya mpaka nilipomuuliza.

"Mwanangu, nikitoka hapa nitakula kwa nani?"

Kaka akasema kwake kuna chumba. Mama akainuka akaenda shambani. Nikamfuata, nikang'oa shina la maharage karibu na nyumba, nikampasulia kinundu.

"Kumbe yana damu," alisema. "Na ya kule chini?"

Nikang'oa. Vinundu vitatu, vidogo, vyeupe. Kaka naye aliviona, wala sikuvificha.

Jioni tulikubaliana upande wa chini usiuzwe hadi Desemba, na tununue ng'ombe mmoja, nusu yangu, nusu yake. Amekwisha tuma ya kwake. Bado anasema hakilipi.