Toa Jiko Kwanza



Mwezi wa sita umeingia. Asubuhi ya leo kilima cha Kiang'ombe kilikuwa kimefunikwa na ukungu, na sisi watu wa Siakago tuliozoea jua kali tayari tumetoa masweta. Ndugu zetu wa Manyatta, kule karibu na mlima, watatucheka, lakini baridi ni baridi.

Huku kwetu wenye viyoyozi ni wachache. Kiyoyozi cha nyumba ya mabati ni yale matundu ya hewa ambayo fundi aliacha juu ya dirisha. Mwezi wa pili tunayashukuru. Mwezi wa saba tunayaziba kwa gunia, magazeti na nailoni, kisha tunaingiza jiko.

Hata mimi nimefanya hivyo. Miaka kadhaa iliyopita mtoto wetu mdogo alikuwa na kikohozi, nikaona baba mwema ni yule anayeziba kila tundu. Usiku tukaweka jiko la makaa chumbani. Makaa yalikuwa yameshika vizuri, mekundu, hayana moshi, nikasema hapo hakuna hatari. Tukaomba, tukalala.

Saa nane usiku mtoto akalia. Niliamka kichwa kikiniuma sana, mke wangu anatapika, na miguu yangu haina nguvu. Unajua nilifanya nini? Nilianza kukemea. Nilikemea kila roho ninayoijua, mlango umefungwa, na jiko liko pale pale miguuni pangu.

Cucu jirani yetu alisikia kelele, akaja kugonga. Mke wangu akajikokota, akamfungulia. Cucu akaangalia ndani mara moja, akasema, "Pasta, toeni mtoto nje, na hilo jiko. Maombi tutafanyia hapa uani."

Tulitoka. Asubuhi tukaenda hospitali, na huko ndiko nilikoelezwa kilichotupata. Makaa yanapowaka hutoa hewa inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu hushikamana nayo kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara 200. Unapumua, lakini mwili unakosa hewa. Makaa mekundu yasiyo na moshi huitoa pia. Aliyelala anaweza asiamke kabisa.

Wapendwa, Mungu alijibu maombi yangu usiku ule. Alimtuma Cucu. Lakini tangu siku hiyo nimeacha kufundisha kwamba kujiandaa ni kukosa imani. Soma 2 Timotheo sura ya 4, mstari wa 13 na wa 21. Paulo, mtume ambaye Mungu alimtumia kuponya wagonjwa, yuko kifungoni, na anaagiza joho lake aliloliacha Troa kwa Karpo. Anamhimiza Timotheo afike mapema, majira ya baridi hayajaanza. Hakuona aibu kuomba nguo.

Basi wiki hii fanya hivi. Panda kwenye kiti, toa gunia na magazeti kwenye matundu. Kioo kilichovunjika kirekebishe, lakini njia ya hewa iache wazi. Ota moto jioni, na kabla ya kulala jiko litoke nje, hata kama linaonekana limezimika. Sufuria ya maji kando ya jiko haisaidii kitu. Watoto walale na soksi na sweta. Na mkiwa karibu na jiko mtu akaumwa na kichwa, akasikia kizunguzungu au kutaka kutapika, tokeni nje nyote kwanza, kisha hospitali. Tutakemea tukiwa njiani.

Neno la mwisho. Wengi hulala na jiko kwa sababu hawana blanketi. Kumwambia mtu kama huyo atoe jiko, halafu uende zako, si upendo. Jumapili hii, mwenye blanketi mbili alete moja kanisani. Mimi naanza na yangu, na najua nyumba ya kwanza nitakayoipeleka. Ni ya Cucu.

Bwana, tulinde msimu huu wa baridi, na utupe akili ya kusikia unapotutumia mtu wa kugonga mlango. Katika jina la Yesu. Amina.

Mtumie jirani ujumbe huu kabla ya usiku. Mbarikiwe.